Mficha Maradhi Kifo Humuumbua: Filamu ya Mgonjwa Tuimalize Wenyewe



Tafakari ya juma hili haitakuwa ya kubembeleza. Tangu liliposomwa tangazo la mchango wa kukamilisha filamu fupi ya vijana wetu, inayohusu maisha ya binti mwenye selimundu, ugonjwa ambao wengi tunauita siko seli, yamekuwapo maneno katika jumuiya ndogo ndogo na hata pale nje ya kanisa baada ya Misa. Neno linalorudiwa zaidi ni hili: wagonjwa wanakosa dawa, halafu tunachangishwa fedha za sinema! Wengine wamelisema kwa upole, wengine kwa kejeli. Kwa kuwa anayelisema anaamini kwamba anamtetea mgonjwa, anastahili kujibiwa, tena kwa hoja.

Msimamo wangu ni huu. Katika ukanda wetu huu wa Shinyanga na Geita, filamu inayomwonesha mgonjwa jinsi anavyoishi na ugonjwa wake ni sehemu ya tiba. Na kwa kuwa ni sehemu ya tiba, inatupasa kuikamilisha kwa fedha zetu sisi tunaoishi na mgonjwa huyo mtaa mmoja. Nitaeleza sababu, kisha nitazijibu hoja tatu ninazozisikia, kisha nitasema neno kwa vijana wenyewe wenye kamera.

Kilichobaki ni nini?

Wengi hudhani kwamba filamu imekwisha pale kamera inapozimwa. Ndiyo maana mtu anauliza, "Si mlikwisha kupiga picha? Fedha nyingine za nini?" Ndugu zangu, kila anayesafiri kati ya Geita na Katoro huziona nyumba zilizofika kwenye lenta zikakwama, mpaka miti ikaota vyumbani. Mwenye nyumba hakukosa matofali, alikosa bati. Filamu nazo hukwama hapo hapo. Baada ya picha kuna uhariri, yaani kuchagua katika saa nyingi za picha zile dakika chache zitakazobaki. Kuna kusafisha sauti, maana mama anayesimulia habari za mwanawe karibu na makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu hasikiki vema. Kuna kuandika tafsiri ya Kiswahili chini ya picha pale bibi anapozungumza Kisukuma. Kuna taratibu za Bodi ya Filamu kwa mujibu wa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Namba 4 ya mwaka 1976. Kisha kuna kuipeleka filamu kwa watu: projekta, jenereta na usafiri. Hakuna hata moja kati ya hayo linalofanyika bure, na filamu isiyofika kwa watu haina tofauti na mahubiri yaliyobaki kwenye karatasi.

Ugonjwa tunaouzungumzia

Selimundu ni ugonjwa wa kurithi. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni laini na za mviringo, hujikunja zikawa na umbo la mundu, na hapo ndipo jina lilipotoka. Chembe hizo hufa mapema, hivyo mgonjwa hupungukiwa damu na macho yake huweza kuwa ya manjano. Tena hunasa katika mishipa midogo na kuzuia damu isipite, na hapo huja maumivu makali ya mifupa, kifua au tumbo. Baridi, kiu, homa na uchovu huweza kuyaamsha maumivu hayo. Mtoto hupata ugonjwa huu pale tu anaporithi kasoro kutoka kwa baba na pia kwa mama. Baba na mama wakiwa wabebaji, yaani kila mmoja ana kasoro hiyo upande mmoja tu na yeye mwenyewe haumwi, kila mimba ina uwezekano wa moja kati ya nne wa kuleta mtoto mgonjwa.

Kwa nini kwetu ni wengi? Daktari Anthony Allison, Mwingereza aliyekulia Kenya na kupima damu za watu wa pwani na wa kandokando ya Ziwa Viktoria, alionesha mwaka 1954 kwamba mbebaji wa selimundu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Palipo na malaria nyingi kwa karne nyingi, wabebaji nao wamekuwa wengi. Watafiti waliofanya kazi na Hospitali ya Bugando walipima sampuli za damu za watoto wachanga zaidi ya 17,000 kutoka mikoa ya kaskazini-magharibi mwa nchi yetu. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2020, yalionesha kwamba takriban mtoto mmoja kati ya watano ni mbebaji, na zaidi ya mmoja kati ya mia moja ana ugonjwa wenyewe. Kwa Tanzania nzima hukadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka.

Pigeni hesabu kwa uwiano huo. Katika kanisa lililojaa waumini 500, watu kama 100 wanaweza kuwa wabebaji bila kujua. Hapo sizungumzii watu wa mbali, nazungumzia kwaya, walezi wa watoto, wachumba wanaokuja kuandikisha ndoa.

Sasa, nini hutokea mtoto wa namna hii anapozaliwa kwetu? Anafikisha miezi kadhaa, mikono na miguu inavimba, analia usiku kucha, asubuhi anatulia. Baada ya wiki kadhaa yanarudi. Ndipo maneno yanaanza. Baba anasema upande wa mama una laana. Akisikia habari za rashi mpya ya dhahabu, anaondoka, na mara nyingine harudi. Mama anapelekwa kwa mganga, na mganga hawezi kulipwa kuku na mbuzi bila kutaja chanzo. Chanzo anachokitaja, ndugu zangu, mara nyingi kina jina na nyumba: ni bibi fulani, mjane, mwenye macho mekundu.

Hapa sihitaji kuwakumbusha historia ya nchi yetu ya Usukuma. Vikongwe wangapi wamekatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na macho yao yalikuwa mekundu kwa sababu ya moshi wa kinyesi cha ng'ombe waliokuwa wakipikia miaka yote? Ndugu zetu wenye ualbino wangapi wamewindwa katika mikoa hii hii? Kutokujua jinsi mwili unavyorithi na unavyougua kumemwaga damu katika ardhi hii. Kwa hiyo ugonjwa usiofahamika kwetu huua mara mbili: humwua mtoto anayeuguа, kisha humwua jirani anayesingiziwa.

Hoja ya kwanza: "Wapeni dawa kwanza"

Hoja hii ina sura ya huruma, na ningekuwa wa kwanza kuiunga mkono kama mchango huu ungechotwa katika mfuko wa wagonjwa. Haukuchotwa humo. Lakini tuitazame yenyewe. Dawa zipo. Penisilini anayopewa mtoto mchanga humkinga na maambukizo yanayoweza kumwua. Foliki asidi husaidia katika kutengeneza damu. Ipo pia haidroksiyurea, na utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda, uliochapishwa mwaka 2019, ulionesha kwamba watoto walioitumia walipungukiwa na vipindi vya maumivu, malaria na hata vifo. Kliniki ya selimundu ipo Bugando. Zaidi ya hayo, mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye ugonjwa huu, ingawa hiyo ni huduma ya wachache.

Nauliza: dawa iliyo kwenye kabati la kliniki itamsaidiaje mtoto ambaye familia yake inaamini amerogwa? Mtu hapelekwi kliniki kwa sababu kliniki ipo. Hupelekwa kwa sababu mama yake, bibi yake na baba yake wameamini kwamba kinachomsumbua kina jina, na kwamba jina hilo si la jirani. Ni nani atakayewaaminisha? Bango la ukutani lenye maandishi ya kitaalamu? Wengi hulipita. Lakini mama wa Nyarugusu akimwona mama mwenzake wa kwenye mwalo, mwenye kanga kama yake na Kiswahili chenye lafudhi kama yake, akieleza jinsi alivyozunguka kwa waganga watatu kabla ya kupimwa damu ya mwanawe, huyo hatahitaji kufafanuliwa. Atasema, "Huyu ni mimi."

Na tusijidanganye kuhusu fedha. Mwaka 2011 maelfu ya watu, wakiwamo wengi wa Kanda ya Ziwa, walisafiri mpaka Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Kikombe chenyewe kilikuwa shilingi 500, lakini nauli ilikuwa mara nyingi ya hizo, na watu waliuza mbuzi na mahindi ili waipate. Fedha hizo zilitoka wapi? Zilitoka mifukoni mwetu. Na harusi je? Kadi za mchango zinatufikia kila mwezi, kamati zinakaa kila juma, zinatafutwa fedha za ukumbi, za mapambo, za kumrekodi bibi harusi akishuka kwenye gari. Ajabu ni kwamba hakuna anayesimama katika kamati hizo akasema, "Mnapiga video ya harusi na wagonjwa hawana dawa!" Hoja ya dawa huamka siku ile tu mgonjwa mwenyewe anapotaka kuonekana kwenye picha.

Hoja ya pili: "Watakuja wafadhili"

Wapo wanaosema kwamba filamu ni jambo la mashirika na migodi, sisi tungoje. Sikatai msaada, na wala sidharau mema yaliyofanyika. Tangu mwaka 2002 mgodi wa dhahabu wa Geita umeendesha kampeni ya kupanda Mlima Kilimanjaro kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI, na matunda yake yanaonekana. Mwaka 2011 ilitengenezwa hapa nchini filamu iitwayo Chumo, juu ya malaria kwa mama mjamzito, kwa msaada wa Marekani. Ilioneshwa vijijini na watu waliipenda.

Lakini yatazameni mambo haya kwa jicho la pili. Mfadhili huja na ugonjwa wake aliouchagua. Anayetoa fedha kwa ajili ya malaria anataka filamu ya malaria, na ana haki ya kutaka hivyo. Selimundu, ugonjwa wa watoto wa maskini unaodumu maisha yote, haukuwa katika orodha ya wengi. Tena mfadhili huondoka. Mnamo Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai 2025 shirika lake la maendeleo, USAID, likafikia mwisho wa kazi yake. Serikali ile ilikuwa na uhuru wa kuamua juu ya fedha za wananchi wake. Je, sisi tulikuwa tumejiandaa? Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri. Inatosha mwenye nguo kuihitaji, nawe ukabaki uchi sokoni.

Kuna jambo kubwa kuliko hilo. Anayelipia sehemu ya mwisho ya filamu ndiye anayekaa na mhariri wakati wa kuamua kipi kibaki na kipi kitupwe. Kumbukeni filamu ya Hubert Sauper wa Austria iliyotoka mwaka 2004 juu ya sangara wa Mwanza, ambayo sisi tuliibatiza jina la filamu ya mapanki. Ilizunguka dunia nzima, na mwaka 2006 ikawania tuzo ya Oscar. Mwaka huo huo Rais Jakaya Kikwete aliilalamikia hadharani kwamba imeichafua nchi. Tulibishana sana kama ni ya kweli au ya uongo. Lakini niulize: ni wangapi kati yetu waliochanga fedha ili mtu wa Mwanza atengeneze filamu yake, aseme yeye mwenyewe jinsi anavyoishi kando ya ziwa lake? Tulikasirika kwa maneno tu. Asiyetaka kusimuliwa na wengine hana budi kugharimia simulizi lake.

Na tunajua kwamba inawezekana. Mwaka 1985 Mtanzania Nangayoma Ng'oge, akishirikiana na Mmarekani Ron Mulvihill, alitoa filamu fupi Arusi ya Mariamu. Ni habari ya mke kijana anayeugua, ambaye hospitali haijamponya, na anayemwogopa mganga kwa sababu ya mambo aliyoyaona utotoni. Mimi kama padre sina ulazima wa kukubaliana na kila kilichomo juu ya waganga, lakini huwezi kuitazama ukamdharau Mariamu. Hofu yake ni hofu ya mtu mzima mwenye akili na historia. Mwaka 2005 Beatrix Mugishagwe alitoa filamu Tumaini, juu ya watoto walioachwa yatima na UKIMWI. Katika filamu hizo mgonjwa na yatima wana majina, wana hasira, wana utani. Hawakuwekwa pale ili mtazamaji wa mbali atokwe na machozi na kufungua pochi.

Hoja ya tatu: "Ni aibu kuanika ugonjwa"

Hii ndiyo hoja isiyosemwa kwa sauti, na nadhani ndiyo yenye nguvu kuliko zote. "Binti ataolewa na nani akishaonekana?" "Ukoo wetu utaitwa ukoo wa siko seli." Naielewa hofu hiyo. Lakini wazee wetu waliishaijibu: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tumwangalie jirani yetu Uganda. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alitangaza hadharani kwamba ana UKIMWI, wakati ambapo kutamka hivyo kulikuwa kama kujizika ukiwa hai. Wapo waliomwita mwongo, wakasema anatafuta umaarufu na fedha. Yeye alizunguka shuleni na makanisani, mwili ukiisha huku watu wakiona, akizungumza na kuimba. Alifariki Desemba mwaka huo huo. Miezi yake ya mwisho ilipigwa picha, na filamu iliyotokana nayo ilioneshwa mwaka 1990. Waganda waliokuwa wakinong'ona juu ya ugonjwa huo wakaanza kuutaja. Leo ni nani anayemkumbuka Lutaaya kama mtu wa aibu?

Aibu ya selimundu haina hata msingi wa kukaa juu yake. Hakuna tendo ovu lililouleta. Hakuna mzazi mmoja wa kulaumiwa, maana baba na mama wametoa sawasawa. Mwanamume anayemwacha mkewe kwa sababu amezaa mtoto wa namna hii anaikimbia damu yake mwenyewe. Tena mtu huyo akienda kuoa kwingine katika kanda hii, ambako mmoja kati ya watano ni mbebaji, anaweza kuyakuta yale yale. Ukweli huu filamu ya dakika ishirini inaweza kuufikisha mpaka kwenye vibanda vya video vya Mgusu, Kakola na Maganzo, kwa vijana ambao mimi siwaoni kanisani. Na wachumba wanaojiandaa kwa ndoa wapime. Kupima si kuivunja ndoa, ni kuingia katika ndoa macho yakiwa wazi.

Neno kwa vijana wenye kamera

Nisiwe mkali kwa upande mmoja tu. Nanyi vijana, fedha za waumini zina masharti.

Kwanza, binti na mama yake waione filamu kabla ya mtu mwingine yeyote, na wakisema sehemu fulani iondolewe, iondolewe. Ridhaa waliyoitoa siku ya kupiga picha haitoshi kwa maisha yote. Pili, msitafute machozi. Mgonjwa wa selimundu hauguzwi kila siku. Kuna siku anateka maji, anasoma, anagombana na wadogo zake, anacheka. Mkituonesha kitanda cha hospitali peke yake mtakuwa mmesema uongo. Tatu, msiahidi uponyaji usiokuwapo, wala wa dawa, wala wa mganga, wala wa maombi ya kelele. Kanisa linaombea wagonjwa na kuwapaka mafuta matakatifu, lakini halijawahi kumwambia mgonjwa atupe dawa. Nne, kila shilingi iwe na risiti, na hesabu isomwe mbele ya Halmashauri ya Walei kama inavyosomwa hesabu ya ujenzi. Michango mingi katika nchi hii imekufa kwa sababu ya watu waliokula, na anayeogopa kutoa kwa sababu hiyo hana kosa.

Wala msidhani kwamba sanaa ni kitu kigeni katika Kanisa la Usukuma. Padre David Clement aliyeanzisha makumbusho ya Bujora aliiheshimu ngoma ya Wasukuma, na sikukuu ya Bulabo ikaungana na sherehe ya Ekaristi Takatifu, Bagika na Bagalu wakishindana kucheza. Waliotutangulia waliona kwamba Msukuma huelewa jambo linapochezwa mbele yake. Ngoma ya vijana wa leo iko kwenye skrini.

Elfu mbili kwa kaya

Mtu atasema, sisi ni maskini, filamu ni mambo ya matajiri. Nitamjibu kwa mfano wa India. Mwaka 1976 mwongozaji Shyam Benegal alitengeneza filamu Manthan, juu ya wafugaji wa jimbo la Gujarat waliojiunga katika ushirika wa maziwa. Fedha zilitoka kwa wafugaji wenyewe: watu 500,000, kila mmoja akitoa rupia 2. Jumla yake ni rupia milioni moja. Mwanzoni mwa filamu imeandikwa kwamba wanaoileta ni wakulima hao. Na ilipoanza kuoneshwa, walikwenda kwa makundi kuitazama, kwa sababu ilikuwa mali yao. Mwaka 2024, karibu miaka 50 baadaye, filamu hiyo ilirudishwa katika ubora wake na kuoneshwa Cannes, Ufaransa.

Je, sisi tu wageni wa mambo hayo? Ni katika kanda hii wakulima wa pamba walijiunga, na mwaka 1955 wakawa na shirikisho lao la vyama vya ushirika, Victoria Federation, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Lilikuja kuwa miongoni mwa mashirika makubwa kabisa ya ushirika ya Waafrika katika bara hili. Babu zetu hawakungoja tajiri aje kuwapimia pamba. Walichanga senti zao wakanunua mizani, kwa sababu walichoka kupunjwa na mizani ya mtu mwingine. Nawaomba mlifikirie neno hilo la mizani. Filamu nayo ni mizani: huonesha mtu ana uzito gani mbele ya macho ya watu. Tukiiacha mikononi mwa mwingine, tusishangae watoto wetu wakipimwa pungufu.

Pendekezo langu basi ni shilingi 2,000 kwa kaya. Kaya 1,000 zikitoa, ni milioni mbili. Asiyeweza, atoe maneno yake: akanushe uvumi wa uchawi katika mtaa wake, hilo nalo ni mchango. Anayeweza zaidi, atoe zaidi bila kutangazwa. Mchango upitie kwa viongozi wa jumuiya, uandikwe katika daftari, na filamu itakapokamilika ioneshwe kwanza katika vigango, bure, kabla ya kwenda popote kwingine.

Katika Injili ya Marko, sura ya pili, tunasoma habari za watu wanne waliomchukua rafiki yao aliyepooza. Walipoona umati umeziba mlango, walipanda juu, wakafungua paa, wakamteremsha mpaka katikati ya watu. Paa lile lilikuwa na gharama, na bila shaka walikuwapo walionung'unika juu ya udongo uliowaangukia vichwani. Lakini mgonjwa alifika mahali ambapo kila mtu alimwona, na ambapo yeye naye alionwa na Bwana. Kazi ya wale wanne ilikuwa hiyo, kumtoa mgonjwa pembeni na kumweka katikati.

Binti yetu bado yuko nje, mlango umezibwa na maneno yetu wenyewe. Anayetaka kuendelea kubishana juu ya bei ya paa, aendelee. Wengine tushike kamba.

Nawatakieni Dominika njema na juma lenye baraka.

Padre wenu, Paroko.